Zawadi ya Mshinde: Masharti ya Kufuzu katika Jakpoti za Poka na Mwangwi Wake Mpakani Busia na Malaba

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii humtaka aliyeangushwa ameze machungu yake, ampe mwenzake mkono na arudi nyumbani. Haimwahidi chochote. Hata hivyo, ipo zawadi moja katika ulimwengu wa kamari inayoelekea kuipindua methali hii juu chini. Hutolewa kwa mtu kwa sababu ameshindwa, na aghalabu fungu kubwa kuliko yote humwendea yeye, huku aliyemshinda akipata dogo. Zawadi hiyo ni jakpoti inayotolewa katika vyumba vya poka kwa mchezaji aliyekuwa na karata zenye nguvu mno lakini akapigwa na karata zenye nguvu zaidi.

Kwa Kiswahili jakpoti hii haina jina lililozoeleka. Lugha yetu, hata hivyo, inalo neno linalofaa, nalo ni mshinde. Mshindi ni aliyeshinda. Mshinde ni aliyeshindwa. Kwa hiyo makala haya yataiita jakpoti ya mshinde. Lengo ni kueleza masharti yanayomfanya mchezaji afuzu kuipata, kisha kuyalinganisha na masharti ya jakpoti za simu zinazochezwa katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda. Vyumba vya poka ni vya miji ya mbali. Jakpoti ya simu imo mfukoni mwa mwendesha bodaboda. Pamoja na tofauti hiyo, zote mbili zinahusu jambo moja: aliyeshindwa hulipwa lini, na nani huamua? Jibu limo katika masharti, na masharti ni lugha. Ndiyo maana suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Mchezo wenyewe

Ili masharti yaeleweke, budi kwanza mchezo ueleweke. Karata si ngeni kwa Waswahili. Neno lenyewe lilitoka kwa Wareno, na alama zake nne pia: shupaza, kopa, uru na pau. Hata turufu imetoka huko huko. Poka hutumia seti hii hii ya karata 52, kuanzia mbili hadi kumi, kisha ghulamu, malkia, mfalme na ree.

Katika aina ya poka inayochezwa sana katika kasino, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri anazozitazama peke yake. Kisha mgawaji hufunua mezani karata tano za pamoja kwa awamu tatu: kwanza tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Kati ya awamu hizo wachezaji huweka dau, huongeza dau au hujitoa. Waliobaki hufunua karata zao, na kila mmoja huunda mkono bora wa karata tano kutokana na zile saba zilizopo: mbili zake na tano za wote.

Mikono hupangwa kwa uhaba wake. Jozi ni ya kawaida. Karata tatu za namba moja zikiambatana na jozi ni mkono mzito. Karata nne za namba moja, kwa mfano tisa zote nne, ni nadra zaidi. Juu kabisa upo mfuatano wa karata tano za alama moja, na kilele chake ni mfuatano unaoanzia kumi na kuishia kwenye ree. Mtu akigawiwa karata tano tu, kuna mikono 2,598,960 inayowezekana. Kati ya hiyo, yenye karata nne za namba moja ni 624 peke yake, sawa na mkono mmoja katika kila 4,165. Mtu akiwa na karata saba za kuchagulia, uwezekano huongezeka, lakini bado ni takriban mara moja katika kila mara 595.

Mtu aliyepata mkono kama huo hana sababu ya kuogopa. Huweka mezani kila alicho nacho. Ndipo mwenzake anapofunua mfuatano wa alama moja, na fedha zote zinavutwa kuelekea upande mwingine wa meza. Pigo la namna hii ndilo linalozungumziwa.

Masharti ya kufuzu

Nyumba za kamari hutofautiana, na kila nyumba huandika kanuni zake. Hata hivyo, masharti yanayojirudia katika nyumba nyingi ni haya yafuatayo.

Sharti la kwanza ni kiwango cha chini cha mkono ulioshindwa. Nyumba moja itasema lazima aliyeshindwa awe na nane nne au zaidi. Nyingine itaridhika na ree tatu zenye jozi kubwa. Aliye chini ya kiwango kilichoandikwa hapati kitu, hata kama ameshindwa kwa namna ya kusikitisha kiasi gani.

Sharti la pili ndilo linalowakwaza wengi: aliyeshinda na aliyeshindwa, kila mmoja lazima awe ametumia karata zake zote mbili za siri katika kuunda mkono wake. Tuseme karata za pamoja ni tisa, kumi na ghulamu wa shupaza, tisa ya kopa na mbili ya uru. Mchezaji wa kwanza ana tisa ya uru na tisa ya pau. Sasa ana tisa nne. Wa pili ana malkia na mfalme wa shupaza. Ana mfuatano wa shupaza kutoka tisa hadi mfalme. Wote wawili wametumia karata zao zote mbili. Kama kiwango cha nyumba ni nane nne, aliyeshindwa amefuzu.

Sasa ibadilishwe karata moja tu ya pamoja. Badala ya mbili ya uru, mezani pawe na malkia wa shupaza, na mchezaji wa pili awe na mfalme wa shupaza pamoja na nne ya kopa. Mfuatano ni ule ule, tisa hadi mfalme. Tisa nne ni zile zile, na aliyekuwa nazo ameshindwa vile vile. Lakini safari hii mshindi ametumia karata moja ya siri badala ya mbili. Jakpoti haitolewi. Machungu ya mshinde hayakupungua hata chembe. Kilichopungua ni sharti, tena sharti ambalo halikuwa mkononi mwake yeye.

Sharti la tatu linahusu idadi ya watu mezani. Nyumba nyingi hutaka wachezaji wanne au zaidi wawe wamegawiwa karata. Sababu yake ni dhahiri: watu wawili wakiachiwa meza peke yao wanaweza kupatana. La nne linahusu kitita. Lazima dau zilizowekwa zifike kiasi kilichotajwa, kwa kuwa ni katika mikono ya kiasi hicho ambapo nyumba hukata fedha za mfuko wa jakpoti. La tano ni kwamba karata tano za pamoja ziwe zimefunuliwa zote, na karata za wahusika zilazwe mezani wazi. Mchezaji anayeona ameshindwa, akazitupa karata zake kwa hasira kabla hazijaonekana, huwa ameitupa na jakpoti pamoja nazo.

Sharti la sita ni la ukimya. Wakati mkono unaendelea, haruhusiwi mchezaji, wala mtazamaji, kutaja kwamba jakpoti inakaribia au kumshawishi mwenzake asijitoe. Neno moja linaweza kuharibu kila kitu. La saba huja baada ya mchezo: karata huhesabiwa kuthibitisha kwamba zote 52 zipo, picha za kamera hukaguliwa, na vitambulisho vya wahusika hutazamwa. Ikionekana kwamba mmoja wao hakuwa na haki kisheria ya kucheza, malipo yanaweza kuzuiwa.

Msomaji wa ngano za Kiafrika atalitambua umbo hili mara moja. Shujaa hukabidhiwa funguo saba na kuambiwa afungue vyumba sita, cha saba asikiguse. Au hupewa mke wa ajabu kwa sharti kwamba asitamke asili yake. Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, aliweka katazo na uvunjaji wa katazo miongoni mwa nguzo za muundo wa ngano. Neno sharti lenyewe, katika Kiswahili cha kila siku, limezoea kuandamana na kitenzi kuvunja: mtu huvunja masharti ya mganga, na dawa haifanyi kazi. Jakpoti ya mshinde ina umbo la ngano, pamoja na chumba chake cha saba na katazo lake la kusema. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Katika ngano, sharti husemwa kwa sauti mbele ya shujaa kabla hajaanza safari. Katika kamari, sharti huandikwa kwa herufi ndogo, na aghalabu mchezaji hulisikia kwa mara ya kwanza siku aliyolivunja.

Mfuko unajazwa na nani?

Swali la pili muhimu ni chanzo cha fedha. Katika vyumba vingi nyumba hukata dola moja au mbili katika kila mkono wenye kitita cha kutosha na kuziweka kando. Mfuko hukua mkono kwa mkono, wiki kwa wiki, mpaka pigo lenye kufuzu litokee. Kwa maneno mengine, wachezaji wenyewe ndio wanaoujaza, wakiwemo wale watakaoacha kucheza kabla haujatoka. Nyumba hunufaika kwa njia nyingine: kadiri tarakimu za mfuko zinavyopanda ubaoni, ndivyo viti vinavyojaa.

Ugawaji uliozoeleka ni nusu kwa mshinde, robo kwa mshindi, na robo kwa wengine waliokuwa mezani. Nyumba nyingine hugawa vingine. Agosti 2022, katika kasino ya Rivers mjini Pittsburgh, Marekani, mchezaji mwenye ree nne alishindwa na mfuatano wa juu kabisa wa alama moja. Mfuko ulikuwa umefikia takriban dola milioni 1.2. Aliyeshindwa alipata zaidi ya dola 490,000, na aliyeshinda takriban dola 370,000. Fungu lililobaki liligawanywa miongoni mwa wengine mezani. Usiku huo mshinde alitajirika kuliko mshindi. Hapo ndipo methali ya wahenga inapoonekana kupinduka. Lakini zikitazamwa dola zilizokatwa katika maelfu ya mikono iliyotangulia, inaonekana kwamba washinde wengi wasio na jina walikwisha kumlipa mshinde mmoja.

Kutoka mezani hadi simuni

Busia na Malaba ni miji miwili ya Kaunti ya Busia inayopakana na Uganda. Barabara itokayo Kisumu huishia Busia. Ile itokayo Eldoret kupitia Bungoma huishia Malaba, mahali ambapo reli pia huvuka kuingia Uganda. Malori yanayobeba shehena za Bandari ya Mombasa hupita hapa kuelekea Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo, na misururu yake huko Malaba imezoeleka. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizi mbili Februari 2018. Katika miji hii husikika Kiteso, Kikhayo, Kimarachi, Kisamia, Kiganda na Kiingereza, na Kiswahili huwaunganisha wote. Wabadilishaji wa fedha, madereva wanaosubiri hati, wachuuzi na waendesha bodaboda wana kitu kimoja wanachoshiriki: muda wa kungoja, na simu mkononi.

Kamari ya karata haikukosekana katika miji ya aina hii. Wakenya wanaufahamu mchezo wa pata potea, ambapo mwenye karata tatu huzizungusha upesi na kumwalika mpita njia aonyeshe ile aliyoonyeshwa mwanzo. Huo hauna masharti, una ulaghai. Baadaye zilienea mashine za kamari madukani, hadi serikali ya Kenya ilipoanzisha msako dhidi yake mwaka 2018. Lakini kilichobadilisha hali kwa kina ni simu. Baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007, kuweka dau hakukuhitaji tena kutoka pale mtu alipokaa.

Jakpoti ya simu iliyotia fora ni ya kubashiri matokeo ya mechi 17 za kandanda. Mei 2017 kijana mmoja, Samuel Abisai, alipatia mechi zote 17 katika jakpoti ya SportPesa na kupata shilingi 221,301,602. Februari 2018 Gordon Ogada alipata shilingi 230,742,881. Habari hizi zilitangazwa kote nchini. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake nchini mwaka 2019 kufuatia mvutano na serikali, kisha ikarejea mwaka 2020. Wakati huo kampuni nyingine nyingi zilikuwa zimeanzisha jakpoti zao.

Hapa ndipo mwangwi wa jakpoti ya mshinde unaposikika. Jakpoti za simu hazimlipi aliyepatia zote peke yake. Hutoa pia bonasi kwa aliyekosa kidogo: aliyepatia 16 kati ya 17, au 15, na kuendelea kushuka hadi kiwango kilichowekwa. Msamiati wa vijana una maneno ya hali hii. Orodha ya ubashiri ni mkeka, na mkeka ukikosea huwa umechanika. Timu iliyoshindwa dakika ya mwisho na kuharibu ubashiri wote huwa imemchoma aliyeitegemea. Aliyechomwa na timu moja ndiye mshinde wa mpakani, na bonasi ndiyo zawadi yake.

Nayo ina masharti yake. Matokeo yanayohesabiwa ni ya dakika 90 pamoja na za majeruhi; bao la muda wa nyongeza halimo. Mechi ikiahirishwa, kanuni za kampuni ndizo zinazosema itaamuliwaje, na zipo zinazotumia droo. Wakiwepo washindi wengi wa kiwango kimoja, fungu la kiwango hicho hugawanywa sawasawa miongoni mwao. Kwa hiyo bonasi ya wiki ambayo timu kubwa zote zimeshinda huweza kuwa ndogo ajabu, kwa kuwa wengi walibashiri hivyo hivyo.

Sharti jingine ni la mchezaji mwenyewe, na mpakani linaonekana waziwazi kuliko penginepo. Nchini Kenya umri wa kuruhusiwa kucheza kamari ni miaka 18. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha iliuweka kuwa miaka 25. Kijana wa miaka 20 wa Busia ni mtu mzima wa kamari akiwa upande mmoja wa lango; akivuka hatua chache anakuwa mtoto. Kufuzu, kwa hiyo, hakutegemei tu kile mtu alichobashiri. Kunategemea pia yeye ni nani na amesimama wapi.

Hesabu ya kukosea kidogo

Pamoja na ufanano huo, ipo tofauti ambayo hesabu peke yake ndiyo inayoweza kuionyesha. Katika poka, pigo lenye kufuzu ni adimu kweli. Katika mkeka, kukosea kidogo kumejengwa ndani ya mchezo.

Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, watoke sare, au mgeni ashinde. Kwa mechi 17, mikeka tofauti inayoweza kuandikwa ni 129,140,163. Baada ya mechi zote kuchezwa, mkeka mmoja tu kati ya hiyo ni kamili. Je, mikeka iliyokosa mechi moja ni mingapi? Mechi yoyote kati ya 17 inaweza kukosewa, na kila moja inaweza kukosewa kwa njia mbili. Jumla ni 34. Iliyokosa mechi mbili ni 544, na iliyokosa tatu ni 5,440. Bonasi ikianzia kwenye mechi 12 sahihi, basi kwa kila mkeka mmoja kamili ipo mikeka 242,114 inayostahili bonasi ya kiwango fulani. Ni kweli kwamba matokeo matatu ya mechi hayana uzito sawa, na mjuzi wa kandanda ataepuka mikeka mingi isiyo na maana. Lakini picha ya jumla haibadiliki: waliokaribia daima watakuwa umati.

Athari yake kwa mchezaji ni kubwa. Aliyekosa mechi moja husema, "Nilikaribia." Husema hivyo kana kwamba amepanda ngazi 16 na imebaki moja, na wiki ijayo ataanzia pale alipoishia. Ilhali mechi za wiki ijayo hazikumbuki chochote. Ngazi huondolewa, na kila mtu huanzia chini. Bonasi ndogo iliyoingia kwenye simu humthibitishia kwamba alikaribia kweli, naye huirudisha kwenye mkeka mwingine. Nauli ya kurudi nyumbani, karo ya muhula na mtaji wa mchuuzi hupitia mlango huu kidogo kidogo. Wahenga walisema ndo ndo ndo si chururu, lakini mwisho wa siku mtungi huwa umejaa. Hapa mtungi unaojaa si wa mchezaji.

Mshinde wa poka anaweza kudanganyika vivyo hivyo. Aliyekuwa na tisa nne, akashindwa na mtu aliyetumia karata moja ya siri, husema kwamba jakpoti ilimponyoka. Haikumponyoka, kwa sababu haikuwahi kuwa karibu naye. Sharti ama limetimia ama halijatimia, na baina ya hali hizo mbili hakuna kukaribia.

Lugha ya masharti

Ikiwa masharti ndiyo yanayoamua kila kitu, basi lugha yake haina budi kuwa wazi. Kiswahili kinao uwezo wa kuyaeleza kwa usahihi, lakini kinahitaji uangalifu katika mambo matatu.

La kwanza ni viambishi na viashiria vya jumla. Karata zote mbili si sawa na karata zozote mbili. Maneno ya kwanza yanamtaka mchezaji atumie kila moja ya karata zake za siri. Ya pili yanamruhusu atumie karata mbili za popote. Silabi moja imebeba tofauti kati ya malipo na mikono mitupu. Mfasiri anayeharakisha anaweza kuandika moja akikusudia nyingine, wala msahihishaji asigundue.

La pili ni mipaka ya idadi. Katika mazungumzo, zaidi ya wachezaji wanne na wachezaji wanne au zaidi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Katika masharti si kimoja: la kwanza huanzia watano, la pili huanzia wanne. Vivyo hivyo, kufikia mechi 12 hakufanani na kuzidi mechi 12. Maneno angalau na si chini ya ni salama zaidi, na yafaa yapendelewe.

La tatu ni kitenzi kushinda chenyewe. Kina maana ya kupata ushindi, ya kumwangusha mtu, na ya kukaa mahali mchana kutwa. Dereva aliyeshinda Malaba hakushinda chochote. Katika jakpoti ya mshinde utata huu huzidi, kwa kuwa mshindi wa mkono na mshindi wa jakpoti ni watu wawili tofauti. Sentensi kama "mshindi atapata robo" haina maana mpaka ielezwe ni mshindi wa kipi. Hapa neno mshinde, ambalo limelala katika kamusi kwa muda mrefu, linaweza kufufuliwa likafanya kazi: mshinde hupata nusu, mshindi hupata robo. Sentensi imenyooka, na hakuna anayebaki akiuliza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2025 Kenya ilipitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 na kuunda mamlaka mpya ya usimamizi. Mabadiliko haya yanawafungulia wanaistilahi na wafasiri kazi yenye maana: kuhakikisha kwamba masharti yanayomhusu mchuuzi wa Busia yanapatikana kwa lugha anayofanyia biashara, katika sentensi ambazo hazitamgeuka siku ya malipo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba jakpoti ya mshinde hulipwa kwa kutimizwa kwa masharti: kiwango cha mkono, matumizi ya karata zote mbili za siri, idadi ya wachezaji, kiasi cha kitita, kufunuliwa kwa karata, ukimya na uthibitisho. Imeonekana pia kwamba bonasi ya jakpoti ya simu, ingawa inafanana nayo kwa kumlipa aliyeshindwa, hugawiwa umati ambao hesabu yenyewe imeuumba, na kwamba neno kukaribia halina thamani katika mchezo wowote kati ya hiyo miwili.

Anayetaka kumsaidia kijana wa mpakani hatafaulu kwa kumkemea tu kwamba kamari ni mbaya. Kemeo hilo amekwisha kulisikia msikitini, kanisani na nyumbani. Ampe masharti kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisha ampe ile namba 34. Akiyasoma yote mawili kabla ya kuandika mkeka, huenda akauandika hata hivyo. Lakini mechi ya 17 itakapomchoma, atajua kwamba ameshindwa kama wengine walivyoshindwa, na ataweza kulikubali hilo na kwenda nyumbani na nauli yake. Huko ndiko kukubali kushindwa kulikokusudiwa na wahenga.